Kabini ya roshani kwenye meli ya kitalii: tazama juu na chini kabla ya kutazama bahari

#1 Tezi na Omo (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Nimeulizwa mara nyingi kabini ipi mtu achukue kwenye meli ya kitalii, na karibu wote wanaouliza wameshaamua jambo moja: wanataka roshani. Hapo sina ubishi. Kukaa nje kwenye kiti chako saa 11 alfajiri, bahari bado ina rangi ya risasi, hakuna anayekupita mbele, ni raha ambayo dirisha haliwezi kukupa. Ninachobisha ni namna watu wanavyochagua. Wanachagua daraja, wanalipa, namba ya kabini wanaiachia bahati. Kumbe meli moja ina roshani mamia kwa mamia, bei zinakaribiana, na mbili kati ya hizo zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi.

Nieleze yaliyonikuta. Safari yangu ya kwanza nilichukua sitaha ya juu kabisa yenye kabini, nikiamini kadiri unavyopanda ndivyo unavyoona mbali. Kuona mbali niliona. Ila dari yangu ilikuwa ndiyo sakafu ya sitaha ya bwawa la kuogelea. Saa 10 na nusu usiku vinaanza kuburutwa viti vya kujilaza. Mkwaruzo mrefu, kimya kidogo, kisha kingine, kisha kingine, safu nzima kuanzia juu ya kichwa changu hadi miguuni. Wanavisogeza waoshe sakafu, wakimaliza wanavirudisha. Kufika usiku wa 4 nilikuwa nimeshavihesabu: viti 14 kwenda, viti 14 kurudi. Nilikwenda mapokezi, wakanisikiliza kwa adabu, lakini meli ilikuwa imejaa na hapakuwa na pa kunihamishia. Niliimaliza safari ile na macho mekundu, na roshani niliyoilipia niliitumia kusinzia mchana.

Kwa hiyo ushauri ninaousimamia kuliko wote ni huu: usichague kabini kwa kutazama sitaha moja. Fungua ramani tatu, ya sitaha yako, ya juu yake na ya chini yake. Weka kidole kwenye namba yako, kipandishe, kisha kishushe. Ukikuta kabini juu, kabini chini, kabini kushoto na kulia, umepona. Wenzako nao wanataka kulala.

Ukikuta kitu kingine, simama ujiulize kinafanya kazi saa ngapi. Bwawa na mgahawa wa kujihudumia huanza alfajiri. Ukumbi wa mazoezi una watu wanaoachia vyuma sakafuni. Njia ya kukimbilia ni hatua za watu juu ya dari yako tangu kabla ya jua. Disko na jumba la maonyesho ni ngoma nzito inayopita kwenye chuma hata kama maneno ya wimbo huyasikii, na mitetemo ile ndiyo inayochosha. Jiko ni mikokoteni na milango.

Na zile sehemu nyeupe kwenye ramani, zisizo na jina wala namba, msizidharau. Mara nyingi ndiko kwenye stoo za wahudumu, lifti zao, au mitambo. Kabini iliyopakana na eneo kama hilo inaweza kuwa shwari, au mlango wa chuma ukawa unafungwa kwa kishindo kila baada ya dakika 10. Mimi naziruka.

Namba nayo inasema. Kwenye meli nyingi tarakimu za mwanzo ni za sitaha, kwa hiyo 8214 iko sitaha ya 8 na 11046 iko sitaha ya 11. Kwenye meli nyingi pia namba ndogo ziko mbele na kubwa ziko nyuma. Namba shufwa na witiri hutenganisha upande wa kushoto na wa kulia, ila kila kampuni ina mpango wake, thibitisheni kwenye ramani.

Uzi uko wazi, karibuni.

#2 Msafiri Mpya

Mkuu shukrani sana. Nina shida ya kichefuchefu, hata basi likipita kwenye kona nyingi natoka jasho. Wakala wangu ananisisitiza nichukue kabini ya mbele kabisa, sitaha ya juu, anasema ndiyo yenye mandhari. Safari ni ya siku 7. Nikubali?

#3 Tezi na Omo

Usikubali, ndugu yangu. Huyo anakupeleka mahali panaporuka kuliko pote melini.

Fikiria mbao ya watoto ya kupanda na kushuka. Aliyekaa mwishoni anaruka, aliyesimama katikati anayumba kidogo tu. Meli nayo ni vivyo hivyo. Chukua meli ya urefu wa mita 300. Ikiinama digrii 1 tu, kabini iliyo mita 150 kutoka katikati inashuka mita 2.6. Ikiinuka digrii 1 upande wa pili, inapanda mita 2.6 nyingine. Jumla ni zaidi ya mita 5, kila baada ya sekunde chache, usiku kucha. Aliye mita 20 kutoka katikati, kwa mwinamo uleule, anashuka sentimita 35. Meli ni moja, wimbi ni moja, na mmoja anatapika huku mwenzake anasoma kitabu.

Upande wa kimo ni hivyohivyo. Meli ikilala upande digrii 5, kabini iliyo mita 25 juu ya mhimili inasukumwa pembeni mita 2 na ushei. Ukishuka sitaha chache unapunguza.

Wazee walishasema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni kule chini katikati maji yanakokusanyika. Watu huitumia methali hii kwa mambo ya maisha, lakini kwa mwenye kichefuchefu ichukue kama ilivyo: rudi ngamani. Chukua katikati ya meli, sitaha ya chini zaidi uwezayo kupata yenye roshani. Na ukibaki na mbili, moja mbele kidogo ya nusu na nyingine nyuma kidogo ya nusu, chukua ya nyuma kidogo, kwa sababu kwenye meli nyingi kitovu cha kuinama kiko nyuma kidogo ya nusu ya urefu.

Nikwambie na ukweli mwingine ambao mawakala hawausemi. Kabini ya roshani iko ubavuni, kwa hiyo meli ikilala upande inapanda na kushuka zaidi kuliko kabini ya ndani isiyo na dirisha. Ila roshani inakupa dawa yake. Kichefuchefu kinakuja sikio la ndani linapohisi mwendo huku macho yanatazama ukuta uliotulia. Toka nje, kaa, tazama mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, usiuondolee macho. Macho na sikio vinapatana. Niliwahi kukaa hivyo saa 3 kwenye Ghuba ya Biscay, nimejifunika blanketi. Ndani, glasi ya maji niliyoiacha mezani ilikuwa imesafiri yenyewe kutoka upande wa kitanda hadi ukingoni. Mimi tumbo lilikuwa shwari. Nilipoingia kuiondoa glasi, dakika 2 tu za kutazama meza zilinirudisha nje.

#4 Fundi Mitambo

Nimefanya kazi chumba cha mashine cha meli za abiria miaka kadhaa, naongezea kidogo.

Watu huambiwa "meli za siku hizi zina mapezi, hazitikisiki". Mapezi yapo kweli, yanatoka ubavuni chini ya maji, yanapinga meli isilale kushoto na kulia, na yanafanya kazi vizuri meli ikiwa kwenye mwendo. Lakini hayazuii kuinama mbele na nyuma. Urefu wa meli ndio unaopambana na hilo. Kwa hiyo aliyeko omo asitegemee mapezi.

Kelele sasa. Mbele kabisa, chini ya maji, kuna rafadha ndogo zilizolala kwa upana wa meli ndani ya mabomba. Hizi ndizo zinazoisukuma meli pembeni inapokaribia gati. Zikiwashwa, kabini za mbele sitaha za chini zinanguruma kama lori limepaki chini ya kitanda. Meli nyingi hufika bandarini alfajiri, kwa hiyo hiyo ndiyo saa yako ya kuamka. Pale ambapo meli haiwezi kufunga gatini, inatia nanga, na mnyororo wa nanga ukiachiwa aliye mbele atausikia kwenye meno.

Nyuma ni rafadha kubwa, au panga boi kama wengi wanavyoziita. Mtetemo wake unasikika zaidi sitaha za chini na wakati wa kukata kona au kupunguza mwendo. Meli mpya nyingi zina injini za umeme zilizoning'inizwa nje chini ya meli, zinazozunguka zenyewe. Meli ya kitalii ya kwanza kutumia aina hiyo, kwa jina la kibiashara Azipod, ilikuwa Elation, mwaka 1998. Mtetemo ukapungua sana ukilinganisha na meli za zamani. Ukitaka nyuma, panda juu kidogo na uchague meli mpya.

#5 Mama Pacha

Mimi nasafiri na watoto wawili, naomba niseme la kwangu.

Angalieni alama ya mlango wa kati kwenye ramani. Kuna kabini zinazounganishwa na mlango wa ndani. Kama mko familia moja kabini mbili, ni neema, na wahudumu wanaweza hata kufungua kile kizuizi kati ya roshani mbili mkapata baraza moja refu. Lakini kama jirani si wa kwenu, ule mlango ni mwembamba kuliko ukuta. Tulilala wiki nzima tukisikia simu ya jirani ikilia kila alfajiri, na yeye bila shaka aliwasikia wanangu. Sasa nikiwa peke yangu na watoto nachagua isiyo na mlango wa kati.

Lifti: watu huikimbia kwa hofu ya kelele. Mimi naitafuta, ila si ile kabini inayotazamana na ukumbi wa ngazi. Natafuta ya 4 au ya 5 kutoka kwenye kona. Mguu wa mtoto wa miaka 3 hauwezi kutembea mita 150 za korido mara 6 kwa siku, na wewe huwezi kumbeba kila mara.

Swali kwa mleta uzi. Wifi yangu alikata kabini ya roshani, kufika akakuta mbele yake kuna mashua kubwa ya rangi ya chungwa. Hilo linatokeaje?

#6 Tezi na Omo

Mama Pacha, pole kwa wifi. Hizo ni boti za kuokolea maisha. Zinaning'inia sitaha fulani pande zote mbili, na roshani zilizo sawa nazo zinatazama boti badala ya bahari. Kampuni huandika kuwa kabini ina kizuizi cha mandhari, lakini huandika kwa herufi ndogo, na neno lenyewe halisemi kama ni kamba moja au ni boti nzima. Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, ni mfano unaojulikana sana. Roshani nyingi za sitaha ya 8 ziko nyuma ya boti, na zinauzwa hivyo kwa uwazi.

Kuna mtego mwingine wa jirani. Kabini iliyo sitaha 1 juu ya boti haihesabiwi kuwa imezibwa. Ukisimama na kutazama mbali, bahari yote ni yako. Ukitazama chini, unaona migongo ya boti. Kwa wengi si tatizo. Ila kama furaha yako ni kuchungulia maji yanavyopasuka ubavuni, panda sitaha 1 au 2 zaidi. Na siku boti zinaposhushwa kupeleka abiria nchi kavu, winchi zinalia chini yako.

Boti unaweza kuziona kwenye ramani. Ukingo wa roshani huwezi, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Roshani nyingi zina ukingo wa kioo, ukikaa unaona bahari kupitia hapo. Lakini kwenye meli kadhaa, hasa kabini za mbele au zilizochongwa ndani ya mwili wa meli, ukingo ni bamba la chuma. Kwenye Queen Mary 2 hiyohiyo, roshani za sitaha za 4, 5 na 6 ziko hivyo. Faida yake ni kweli: upepo haukupati, na faragha ni kubwa. Hasara ni kwamba ukikaa kwenye kiti unatazama chuma, mpaka usimame ndiyo uone maji. Ramani haitakuonyesha. Tafuta picha ya ubavu wa meli yenyewe, ivute karibu, uhesabu sitaha. Ninafanya hivyo kila safari, na picha iliyopigwa bandarini na mtu wa kawaida inasema ukweli kuliko picha za kampuni.

Picha hiyohiyo itakuonyesha kama ubavu wa meli umebinuka katikati. Meli nyingine zinatoka nje kidogo sehemu ya kati kisha zinarudi. Roshani zilizo kwenye mshazari wa mbinuko huo mara nyingi ni kubwa, na zinatazama mbele au nyuma kimshazari badala ya ubavuni tu. Nikizipata, sifikirii mara mbili: ziko katikati, zimetulia, na nafasi imeongezeka.

Mwisho, hakikisheni neno "roshani" lina maana mnayoifikiria. Tangu Oasis of the Seas ianze safari mwaka 2009 kuna roshani zinazotazama ndani ya meli, kwenye bustani au kwenye uwanja wa burudani. Ni nzuri kwa anayependa kutazama watu, lakini bahari huioni, au unaona kipande. Na tangu Celebrity Edge ya mwaka 2018 kuna aina ambayo roshani imeunganishwa na chumba, na mbele kuna kioo kinachoshuka kwa kubonyeza kitufe. Chumba kinakuwa kikubwa, ila hutoki nje kwa maana ya kutoka nje. Ulizeni kabla.

#7 Kisukuku

Mkuu hujagusa kushoto na kulia. Naambiwa nichukue upande wa kulia, ndio unaotazama nchi kavu. Halafu kuna hadithi kwamba neno la Kiingereza "posh", yaani la kifahari, ni herufi za mwanzo za "port out, starboard home", kwa sababu matajiri walichagua upande wa kushoto wakienda India na wa kulia wakirudi. Kuna ukweli?

#8 Tezi na Omo

Kisukuku, hadithi ya "posh" ni tamu lakini haina ushahidi. Inasemekana tiketi zilipigwa mhuri wa herufi hizo, na hakuna tiketi kama hiyo iliyowahi kupatikana. Hata hivyo, jua lililomo ndani ya hadithi ni la kweli. Ukisafiri kwenda mashariki ukiwa kaskazini mwa Tropiki ya Kansa, jua la mchana liko kusini, yaani kulia kwako. Kushoto kuna kivuli. Ukirudi magharibi, mambo yanageuka. Kabla viyoyozi havijakuwepo, hilo lilikuwa suala la kulala au kutolala.

Leo lina maana kwa roshani. Anayevuka Atlantiki kutoka Ulaya kwenda Marekani anaelekea magharibi siku 6 au 7 mfululizo. Jua litakuwa kushoto karibu safari yote. Kama ni majira ya baridi, chukua kushoto, roshani itakuwa na joto la kukalika. Kama ngozi yako haipendi jua, chukua kulia. Kusini mwa Tropiki ya Kaprikoni geuza hesabu, jua liko kaskazini. Ukiwa kati ya tropiki mbili, tazama mwezi unaosafiri, maana jua la mchana linaweza kuwa upande wowote.

Kuhusu nchi kavu: safari ya kuzunguka na kurudi ulikoanzia haina upande bora. Mfano ni Geiranger, Norway. Maporomoko ya Dada Saba yako upande wa kaskazini, kwa hiyo meli ikiingia yako kushoto, ikitoka yako kulia. Kila mmoja atayapata, isipokuwa mmoja atayapata asubuhi na mwenzake alasiri. Glacier Bay kule Alaska nahodha huigeuza meli mbele ya barafu ili pande zote zione. Ukitaka kulipia upande, fanya hivyo kwenye safari ya kwenda tu inayofuata pwani. Meli ya kutoka Vancouver kwenda kaskazini kwa mfano, pwani ya bara itakuwa kulia.

Na muwe waangalifu na ushauri wa zamani. Kwa miaka mingi watu waliambiwa wachukue kulia ili waone Uwanja wa Mtakatifu Marko meli ikiingia Venice. Ulikuwa ushauri sahihi. Lakini tangu tarehe 1 Agosti 2021 Italia imepiga marufuku meli kubwa kupita maji yaliyo mbele ya uwanja huo, kuanzia zenye tani 25,000. Bado unaweza kuukuta ushauri huo umeandikwa mahali kana kwamba ni wa jana.

Bandarini hakuna anayeweza kukuahidi. Meli hufunga upande ambao nahodha na rubani wa bandari wameona unafaa siku hiyo. Unaweza kuamka unatazama mji, unaweza kuamka unatazama makontena.

#9 Upepo wa Demani

Mleta uzi, umeipaka nyuma matope bila sababu. Nimekaa kabini za tezi kabisa, zinazotazama nyuma, mara 5, na sitaki kwingine. Meli inapokwenda, mwili wake wote unakukinga na upepo. Kabini za mbele roshani haikaliki. Mwendo wa noti 20 ni kilomita 37 kwa saa, na huo ni upepo wa meli peke yake kabla bahari haijaongeza wake. Mimi nakaa na kitabu, kurasa hazigeuki.

Halafu ule mkondo wa povu. Unatoka chini yako mweupe, unapanuka, unageuka kijani, unapotelea mbali. Usiku mwezi ukiwepo ni njia ya fedha hadi mwisho wa dunia. Mume wangu hakuwa mtu wa kukaa kimya, lakini pale alikuwa anakaa saa nzima bila neno. Alipofariki nilirudi kwenye kabini ileile, sitaha ileile, nikakaa kiti chake.

#10 Tezi na Omo

Dada Upepo, pole sana, na asante kwa kutueleza. Naondoa nilichosema kwa namna nilivyokisema. Nyuma pana mwendo zaidi kuliko katikati, hilo linabaki, ila kwa mtu ambaye tumbo lake ni imara na bahari si chafu, tezi ina haki yake. Ningeongeza mambo mawili kwa wanaotaka kukufuata. Nyuma ya meli nyingi imejengwa kama ngazi, kwa hiyo roshani za chini zinatokeza zaidi na walio juu wanakuona umekaa. Chagua sitaha iliyofunikwa kama unataka faragha. Na tazameni mgahawa ulio juu, nyuma ni mahali pake.

#11 Fundi Mitambo

Kwa kuwa upepo umetajwa, naomba niseme jambo la usalama. Usifungue mlango wa kabini wakati ule wa roshani uko wazi. Hewa inapita kwa nguvu, mapazia yanavutwa nje, na mlango mzito unajifunga kwa nguvu za ajabu. Nimeona vidole vilivyobanwa na sitaki kuvieleza hapa. Funga wa roshani kwanza, ndipo ufungue wa korido.

La pili ni sigara. Tarehe 23 Machi 2006 moto ulizuka kwenye roshani za Star Princess ikiwa Karibi, ikielekea Montego Bay. Uchunguzi uliona chanzo kinachowezekana zaidi ni kipande cha sigara kilichotupwa. Vizuizi vya plastiki kati ya roshani viliungua na moto ukapanda sitaha kadhaa ndani ya dakika chache. Abiria 1 alifariki. Baada ya hapo kanuni za kimataifa za usalama wa meli ziliongezwa vifungu vya roshani, vikaanza kutumika Julai 2008: samani na vizuizi visivyowaka hovyo, au vitambua moto na vinyunyizio vya maji. Ndiyo maana mhudumu akikukuta unavuta kwenye roshani ambayo hairuhusiwi anakuwa mkali. Ana haki.

Na walio mbele karibu na chumba cha usukani, mkiombwa kufunga pazia usiku, fungeni. Mwanga wenu unamnyima ofisa wa zamu kuona giza lililo mbele.

#12 Msafiri Mpya

Wakuu, nimesoma yote. Nilimrudia wakala, nikamwambia sitaki ya mbele. Sasa ananipa mawili. La kwanza ni kulipa pungufu, daraja ni roshani lakini namba wanapanga wao karibu na safari. La pili ni sitaha ya 9, namba naijua. Nimefungua ramani tatu kama ulivyosema. Juu ni kabini, chini ni kabini, iko mita chache nyuma ya nusu ya meli. Lakini upande mmoja wa ukuta kuna sehemu nyeupe ndogo isiyo na jina, na boti ziko sitaha ya 7.

#13 Tezi na Omo

La kwanza liache, ndugu yangu. Kuwaachia wao namba ni sawa kwa mtu ambaye akipewa omo au chini ya bwawa atalala vilevile. Wewe kwa hali yako unaweza kupewa hasa ile kabini ambayo wote wameikwepa, na ukishapewa ni vigumu kubadilishiwa.

La pili karibu limekamilika. Boti ziko sitaha 2 chini yako, kwa hiyo zitakuwa chini ya macho yako na ukiinama utaona maji kupita ukingo wake. Kinachonisumbua ni ile nyeupe. Muulize wakala kama kabini mbili kuelekea nyuma, upande uleule, bado iko wazi. Inakuondoa ukutani kwa wahudumu, na kwa mwendo wa meli utapoteza sentimita chache tu.

#14 Msafiri Mpya

Nimeuliza sasa hivi. Ya pili yake imechukuliwa, ya tatu iko wazi, haina mlango wa kati, na picha ya ubavu inaonyesha ukingo ni kioo. Ameniwekea hadi kesho saa 4 asubuhi.

#15 Tezi na Omo

Lipia leo.